Maduka ya Mji Wetu: Tangu Reli Hata Simu

Yeyote ashukaye asubuhi toka Katuba au Kenya kwenda katikati ya mji wa Lubumbashi, akipita barabara ya Sendwe na ile ya Mama Yemo, hakosi kuona milango ya chuma iliyoshushwa, wala haipandishwi tena. Juu ya mmoja bado lasomeka jina la duka, rangi imefifia. Juu ya mwingine wamebandika karatasi: nyumba ya kupanga. Ukiwauliza wapita njia sababu, watakujibu kwa neno moja tu: simu. Siku hizi watu hununua kwa simu, basi maduka yanakufa.

Sisi twaona jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Maduka ya mji huu yamekwisha kufa mara kadhaa, na kila mara yakafufuka kwa namna nyingine. Mganga aitwaye kwa mgonjwa huuliza kwanza habari za magonjwa ya zamani. Na sisi tufanye hivyo.

Biashara katika nchi ya Katanga ni ya kale kuliko duka lo lote. Karne nyingi kabla ya Wazungu, babu zetu waliyeyusha shaba na kuimimina iwe misalaba, na misalaba hiyo ilikuwa ndiyo fedha: kwa hiyo walinunua vitu, kwa hiyo walitoa mahari. Lakini duka lenye kuta, mlango na meza ya kuuzia lilikuja pamoja na reli. Kompanyi ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 treni toka kusini ilifika hapa, na mji ukazaliwa, ukaitwa Elisabethville kwa heshima ya malkia wa Wabelgiji. Mwaka uliofuata tanuru la shaba likawashwa. Palipo na mshahara hakukosi kuja mchuuzi. Ndivyo walivyofika Wagiriki, Waitaliano, Wareno, Wahindi, na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes.

Hao wa Rhodes yafaa tuwataje kwa neno zaidi, kwa sababu wengi wetu tulisikia wazee wakisema “kwa Myahudi” bila kujua ni watu gani. Walikuwa maskini waliotoka kisiwani kutafuta maisha. Kijana mmoja alikuja, akauza vitambaa, chumvi na sabuni, kisha akamwita ndugu yake, na ndugu akamwita binamu. Mwaka 1930 walijenga sinagogi lao, nalo lasimama hata leo. Mwaka 1944 Wajerumani waliwachukua Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka Auschwitz, na ni wachache mno waliorudi. Basi wale waliokuwa huku wakipima kitambaa nyuma ya meza zao waliponea katika nchi yetu.

Tusifikiri lakini kwamba maduka yale yalikuwa ya watu wote sawasawa. Mji ulikatwa sehemu mbili, mji wa Wazungu huku na mtaa wa Waafrika kule Albert, ambao leo twauita Kamalondo, na katikati uwanja mtupu wa kuwatenga. Wazee watuambia kwamba katika maduka mengi mtu mweusi hakuingia kwa mlango mkubwa; alihudumiwa kwa dirisha la kando, akionyesha kwa kidole kitu alichokitaka. Kugusa kwanza kabla ya kulipa haikuwa desturi. Tena mfanyakazi wa kompanyi hakuhitaji sana duka, maana chakula alipewa na kompanyi yenyewe: unga, maharagwe, samaki wakavu, chumvi, mafuta. Ndiyo posho. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, kompanyi ilipotaka watu wakae kazini na jamaa zao badala ya kurudi vijijini kila mara, mke na watoto nao waliandikiwa sehemu yao. Hivyo mshindani wa kwanza wa duka la mjini alikuwa ghala la kompanyi, naye alikuwa mshindani mkali, kwa kuwa hakutoza fedha mkononi.

Na mshindani wa pili alikuwa barua. Labda wasomaji vijana watacheka, wakidhani kuagiza kitu usichokiona ni uvumbuzi wa siku zao. Ng'ambo ya mpaka, katika miji ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wafanyakazi Waafrika wa miaka ya 1940 na 1950 waliagiza suti, kofia na viatu kwa barua toka Uingereza. Nyumba moja ya biashara ya Manchester, iliyoitwa Oxendale, ilijulikana sana huko. Mtu alipata kitabu chenye picha, akachagua, akatuma fedha kwa posta, akangoja miezi. Kwa nini asinunue mjini kwake? Moja, bei. La pili ni kubwa zaidi: kitabu cha picha hakikumtuma mtu dirisha la kando. Katika karatasi ile alikuwa mnunuzi kama wanunuzi wote.

Twasema hivyo ili tusilie mno juu ya maduka ya zamani. Yalikuwa na taa na vioo, lakini si kila mtu alikaribishwa.

Baada ya hapo zikaja taabu zenyewe. Julai 1960 Katanga ikajitenga, ikawa na serikali yake na fedha yake, na juu ya sarafu zake wakachora ule msalaba wa shaba wa babu zetu. Mwaka 1961 askari wa Umoja wa Mataifa na askari wa Katanga walipigana mjini humu, mwezi wa Septemba na tena mwezi wa Desemba. Wenye maduka wengi walifunga, wengine wakaenda zao. Januari 1963 mambo yakatulia kidogo. Mwaka 1966 mji ukapewa jina la Lubumbashi. Mwaka 1967 fedha mpya ikatoka, zaire, na zaire moja ilipata dola mbili za Marekani. Wazee wakikumbuka miaka ile ya shaba yenye bei nzuri, macho yao hung'aa. Madirisha ya maduka yalijaa tena, na safari hii mtu mweusi aliingia kwa mlango mkubwa.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na kazi nyingine za wageni zitakuwa mali ya wenyeji. Ndiyo ile iliyoitwa Zairianisation. Neno lenyewe lilipendeza masikioni, nasi hatusemi kwamba kusudi lilikuwa baya: kwa miaka sitini mwenyeji alikuwa mtu wa kubeba mizigo katika duka la mwingine. Lakini maduka hayakugawiwa waliojua biashara. Wengi walioyapata walikuwa wakubwa wa chama na wa serikali, na jamaa zao. Mtu alikabidhiwa funguo leo; kesho akauza vilivyo juu ya rafu; keshokutwa rafu tupu. Wazee wetu husema kwamba wapo waliodhani fedha yote iliyomo katika sanduku ni faida, kwa maana hawakujua kwamba nusu yake na zaidi ni ya kununulia shehena ya pili.

Hapa ndipo twataka msomaji asimame pamoja nasi. Mtu mmoja mwenye miaka zaidi ya themanini, ambaye alikuwa karani katika duka la vitambaa wakati ule, alitueleza jambo ambalo hatukulisoma kitabuni. Alisema: duka lile halikuwa na fedha nyingi hata zamani za Mgiriki. Lilikuwa na daftari mbili. Katika daftari ya kwanza waliandikwa walimu, makarani na waseremala wa mji waliochukua kitambaa leo ili walipe mwisho wa mwezi. Katika daftari ya pili ziliandikwa nyumba za Ulaya na za kusini zilizompa Mgiriki shehena leo, naye alipe baada ya siku tisini. Mwenyewe alisimama katikati, akiaminiwa huku na kuamini kule. Alipoondoka, daftari zote mbili zilibaki juu ya meza, lakini hazikuwa na kazi tena. Nyumba za ng'ambo hazikumjua bwana mpya, zikadai fedha kwanza. Bwana mpya naye hakuwajua walimu na waseremala, akakataa kuwakopesha. “Walimpa kuta,” mzee akasema, “wakafikiri wamempa duka.”

Juu ya hayo bei ya shaba ilianguka kuanzia 1974, na mwaka 1975 reli ya Benguela, iliyopitisha mizigo hata bahari ya Atlantiki, ikafungwa kwa vita vya Angola. Mwaka 1975 na 1976 serikali iliona kosa, ikawaita wageni warudi wachukue sehemu ya mali yao. Baadhi walirudi. Wengi walikuwa wamekwisha kufungua maduka kwingine.

Kama mwaka 1973 duka lilivunjwa toka juu, mwaka 1991 lilivunjwa toka chini. Mwezi wa Septemba askari wasiolipwa mishahara walianza kupora Kinshasa, na Oktoba uporaji ulifika Lubumbashi. Askari walifungua milango, na raia waliingia nyuma yao. Sisi tulikuwa wachanga au hatujazaliwa, lakini hakuna jamaa katika parokia zetu isiyo na mtu aliyeona: watu wakipita na friji juu ya baiskeli, na mabati yaliyong'olewa, na viatu vya mguu wa kushoto peke yake, kwa kuwa ya kulia yalichukuliwa na mwingine. Wanacheka wakisimulia. Halafu wananyamaza. Kwa juma zima kila kitu kilikuwa rahisi, kisha kwa miaka mingi hakuna kilichopatikana.

Fedha nayo ikaharibika. Mwaka 1992 ilitoka noti ya zaire milioni tano, na Oktoba 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa za zamani milioni tatu. Mwaka 1994 bei zilipanda karibu mara mia. Ni nani awezaye kuandika deni katika daftari wakati kama huo? Anayelipa mwisho wa mwezi amelipa bure. Basi ukopo ukafa, duka lenye kuta likafa pamoja nao, na biashara ikatoka nje, ikakaa juu ya meza mbele ya nyumba: vijiko vya sukari, mafungu ya chumvi, sabuni iliyokatwa vipande. Akina mama ndio walioushika mji huu wakati ule. Gécamines, iliyorithi kompanyi ya zamani, iliporomoka, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kwa ile iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Wake zao walikuwa wamekwisha kujifunza njia ya Kasumbalesa, kwenda Zambia kutafuta unga na kurudi. Baadaye wengine wakafika mpaka Dubai na Guangzhou. Na mama anayetoka Guangzhou na marobota ya nguo hahitaji kioo wala taa. Ahitaji tu watu wajue kwamba amefika.

Simu ilifanya kazi hiyo. Hiyo ndiyo sababu twasema jibu la wapita njia ni nusu ya kweli: simu haikukuta maduka yenye afya ikayaua. Ilikuta biashara imekwisha kutoka nje, ikaipa sauti. Ushirika wa Vodacom ulianza kazi nchini mwaka 2002. Mwaka 2012 ikaja M-Pesa, na ndugu zake za makampuni mengine, mtu akaweza kutuma fedha bila kutoka nyumbani. Picha ya kiatu hutumwa kwa WhatsApp, bei husemwa kwa dola, fedha hupita hewani, na kijana wa pikipiki, manseba kama tumwitavyo hapa, huleta kifurushi mpaka Ruashi.

Yafaa kutofautisha jambo letu na lile la Ulaya. Kule Uingereza maduka ya Woolworths, yaliyoanza Liverpool mwaka 1909, yalifungwa yote 807 mwisho wake Januari 2009, na watu kama 27,000 wakakosa kazi. Yalikuwa na madeni mazito, lakini na ununuzi wa intaneti ulichangia. Huko mshindani wa duka ni jitu kama Amazon, iliyoanza mwaka 1994, lenye maghala makubwa, magari na posta ya hakika. Kwetu jitu hilo halina ghala. Posta imedhoofika siku nyingi. Anayemshinda mwenye duka wa barabara ya Sendwe ni jirani yetu, mama mwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Naye humshindaje? Mwenye duka hulipa pango, tena huanza kwa amana ya miezi kadhaa. Hulipa kodi, hulipa mlinzi wa usiku, hulipa mafuta ya jenereta umeme ukikatika, na kila juma huingia mtu mwenye karatasi yenye muhuri akitaka kitu. Mama wa simu halipi hata kimoja. Machi 2023 serikali ilitoa kanuni ya mambo ya dijitali, nayo yagusa biashara ya namna hii pia. Lakini kanuni i Kinshasa, mama yuko Katuba, na mwenye karatasi za muhuri huijua njia ya kwenda dukani kwa sababu duka lina mlango.

Kuna jambo jingine, ambalo kwetu ni chungu zaidi, kwa sababu twalifanya sisi wenyewe. Mtu huingia dukani, huomba kuonyeshwa kiatu, hukivaa, hutembea nacho, hutazama kioo, kisha hukipiga picha kwa siri na kuondoka. Nyumbani hutafuta katika simu nani anacho kwa dola tatu chini. Tena vijana wengine hupiga picha hizo ili wauze: mnunuzi akipatikana, ndipo hurudi dukani kununua, wakaongeza faida yao juu. Hivyo duka limekuwa ghala la mtu asiyelipa pango. Mwenye duka huuza kimoja, kweli, lakini hamjui mnunuzi wake, wala mnunuzi hamjui yeye.

Tusijitoe. Mwaka juzi kwaya ya parokia yetu ilihitaji vitenge kwa sikukuu ya msimamizi, waimbaji arobaini. Miaka yote tulinunua kwa mzee mmoja mwenye duka dogo mjini, ambaye alitupa kitambaa chote na kukubali tulipe mafungu matatu hadi Krismasi. Safari hii mmoja wetu alionyesha picha katika simu: rangi ileile, bei chini. Tulifanya hesabu, tukafurahi, nasi tulioshika fedha tulikuwa wa kwanza kusema ndiyo. Nusu tuliituma kabla, nusu siku kifurushi kilipofika. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza, buluu iligeuka kijivu, na mashati meupe yaliyofuliwa pamoja yakawa na buluu. Tulipiga namba ile. Haikuitika, wala hata leo haiitiki. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Fedha hatukuwa nayo tena, tukasema: twende kwa mzee, atatukopesha. Tulikuta mlango wa chuma umeshushwa na ile karatasi imebandikwa. Fundi wa saa aliyekaa mbele yake alituambia kwamba mzee amefunga mwezi uliopita, amekwenda kwa binti yake Kolwezi.

Waimbaji waliimba na nguo za mwaka wa zamani. Hakuna aliyekufa kwa hilo. Lakini tulipokuwa tumesimama mbele ya mlango ule tulikumbuka yule karani na daftari zake mbili, na tukajua kwamba katika daftari ya mzee jina la kwaya yetu lilikuwamo miaka tisa, na sisi ndio tuliolifuta kwa ajili ya dola tatu kwa kila kipande.

Walakini hatuwezi kumlaani mwenye simu. Katika kwaya hiyohiyo yumo mama mjane anayeuza nguo za watoto kwa simu. Kwa kazi hiyo watoto wake wanne wanasoma. Hana fedha ya amana ya duka, wala hataipata. Nguo isiyotosha huirudisha, na akienda Kasumbalesa huandika katika simu yake nani amelipa na nani bado. Tulipomwuliza kwa nini hukopesha watu kwa simu, alishangaa. “Sikopeshi kwa simu,” akasema. “Nakopesha watu ninaoketi nao kanisani.” Maneno hayo yalitufikirisha kuliko hesabu zote, kwa maana mzee wa vitenge hakuwa wa kanisa letu, wala hakuwa wa kabila letu, na hata hivyo alituandika. Mlango wake ulikuwa wazi kwa mpita njia ye yote, akamjua kwa kumwona akirudi.

Juma lililopita tulipita tena pale. Mlango umepandishwa, nyumba imepata mpangaji. Ndani hakuna rafu wala kitambaa kilichotandazwa. Vifurushi vya plastiki nyeusi vimepangwa ukutani mpaka darini, kila kimoja na jina la mtu, na nje manseba watano wanangoja kuitwa. Juu ya mlango wamepaka rangi jina la mzee, wakaandika namba ya simu. Tuliingia, tukamsalimu msichana aliyekaa hapo, tukamwuliza kama wana vitenge vya buluu. Alituambia kwa adabu kwamba hapo hawauzi, ila tupeleke ujumbe kwa namba ile ya mlangoni, na wao watatujibu.